Kilo Nne na Nusu

Aliingia wa mwisho siku ile. Nilijua ni yeye kabla mlango haujafunguka, maana wenzake wote hugonga, na yeye husukuma kwa bega kama mtu aliyejaza mizigo mikono yote miwili. Nilikuwa nimeinama, nafuta usukani wa baiskeli ya kupimia kwa kitambaa. Sikuinuka upesi. Niliendelea kufuta mahali palepale palipokwisha kung'aa.

"Shikamoo, Dada Vipimo," alisema.

Wanamichezo wote huniita Dada Vipimo, na wengi huniamkia. Lakini yeye, Kiberiti, hakuwa ameniamkia tangu jioni ile ya kwanza aliponisindikiza hadi mlangoni kwangu, miezi minane iliyopita. Mbele za watu aliniita Vipimo tu, na tukiwa wawili aliniita jina jingine ambalo sitaliandika hapa. Shikamoo ile ilikuwa fimbo, na alijua pa kuipiga.

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu Kocha alikuwa amesimama katikati yetu na makaratasi yake kifuani.

"Mbona mnaamkiana kama mko msibani?" Kocha akauliza. "Haya, Kiberiti, leo ndiyo leo. Wenzako wanne wamepita. Mmoja katapika, mwingine kaniomba nimsamehe makosa yake yote kana kwamba anakata roho. Nafasi imebaki moja."

"Nimesikia, Kocha."

"Na mbona umesinyaa hivyo? Ulilala, au uligaagaa?"

"Nililala."

Alisema hivyo akinitazama mimi. Nikageuka nikashika kalamu.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya kambi ya nchi za mbali, miaka miwili, kwa waendesha baiskeli wa mbio fupi za uwanjani. Walihitajika watano. Kwa mbio za aina hiyo hawamuulizi mtu anaweza kwenda umbali gani. Wanamuuliza ana moto kiasi gani, na unadumu muda gani. Ndiyo kazi ya baiskeli yangu. Haina gurudumu la nyuma wala haiendi popote. Mbele ina gurudumu zito la chuma lililozungushiwa mkanda, na mkanda umefungwa kwenye sinia dogo ninalopakia vyuma. Mtu anapasha mwili joto, anakanyaga kwa kasi yake yote, ninaangusha mzigo, kisha anapambana nao kwa sekunde thelathini. Kipimo kinatafuta zile nguvu ambazo mwili unazitoa kabla pumzi haijawahi kuusaidia, nguvu za mtu aliyekurupushwa na mbwa. Kompyuta inachora mstari. Sekunde tano za kwanza mstari unapanda kama mwiba, halafu unateremka, na pale unapoishia panaonyesha mtu amebakiwa na nini.

Nilijifunza kazi hii mwenyewe, kwa kusoma vijitabu vilivyokuja ndani ya boksi la mashine na kurudia makosa mpaka yakaisha. Ndiyo maana nafuata hatua zangu moja baada ya nyingine bila kuruka. Hatua ya kwanza ni mizani. Mwanamichezo anavua viatu, anapanda, mimi nasimama karibu yake, namnyoosha mabega asije akaegemea, nasoma. Uzito ule ndio unaoamua mzigo wa kwenye sinia. Siku ile nilikuwa nimewapima wote wanne hivyo hivyo.

Mizani ilikuwa pembeni ya dirisha. Kiberiti aliitazama, akanitazama. Alishaanza kulegeza kamba ya kiatu.

Ingebidi nisimame karibu yake. Ingebidi nimguse mabega.

"Usivue," nikasema. "Panda baiskeli tu, muda umekwenda."

Nikaandika kwenye fomu: kilo sabini na mbili. Sikuhitaji kuuliza. Msimu mzima alikuwa na kilo sabini na mbili, asubuhi na jioni, na kama mtu angeniamsha usingizini akaniuliza uzito wa yule mwanaume ningemjibu kabla sijafumbua macho. Nikapakia sinia kilo tano na gramu mia nne, kama hesabu ya sabini na mbili inavyotaka.

Alipasha mwili joto dakika tano, macho sakafuni. Kocha alijaribu kumtania akaacha. Kisha nikahesabu tatu, mbili, moja, nikaangusha mzigo.

"Washa!" Kocha akapiga kelele. "Washa, washa, washa!"

Aliwaka. Sekunde tano za kwanza meza yangu ilitetemeka, kalamu ikaviringika ikaanguka. Lakini kwenye sekunde ya kumi na mbili niliona mapaja yake yakianza kukwama, kama mtu anayetembea kwenye tope. Ya ishirini, alikuwa amefumba macho. Ya ishirini na tano, pedali zilizunguka kwa uzito hata ungeweza kuzihesabu kwa sauti. Kengele ya mashine ilipolia aliteleza kutoka kwenye kiti kabla sijamshika, akaangukia mkeka, akajikunja pembeni ya ndoo.

Kompyuta ikatoa jibu: wastani wa wati mia sita na kumi na mbili. Ukigawa kwa kilo zake, unapata nane na nusu kwa kila kilo moja. Wenye kambi walitaka isipungue tisa.

Kocha aliinama akasoma, akasoma tena. "Nane na nusu?"

"Nane na nusu," nikasema.

"Huyu? Huyu mwezi uliopita alitoa tisa na zaidi akiwa anacheka?"

Kocha akavua kofia, akaikung'uta kwenye goti, akaivaa. "Basi. Orodha naituma saa kumi. Itaenda na wanne." Akatoka bila kumtazama Kiberiti, si kwa hasira. Nadhani hakutaka kuona uso wake.

Tukabaki wawili. Nikampelekea maji. Alikunywa akiwa bado amelala ubavu, akasukutua, akatema ndooni.

"Basi siendi," alisema.

"Pole."

"Usinipe pole." Alijiinua akaegemea ukuta. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Mimi sihitaji pole. Nimebaki. Wewe huoni? Nimebaki hapa."

Naandika haya taratibu kwa sababu sitaki kujipamba. Aliposema *nimebaki*, kitu ndani yangu kilisimama wima kama mtoto aliyeitwa jina lake. Miezi minane ile nilikuwa nimezoea kupika kwa watu wawili. Katika wiki tatu tangu tuachane nilishindwa kupunguza kipimo, nikawa nakula nusu sufuria na kuitazama nusu iliyobaki. Nilikuwa nimeacha kufungua redio, maana ikizungumza peke yake chumbani ndipo nasikia vizuri kuwa hakuna mtu. Na sasa alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu akisema amebaki.

"Uliniambia umechoka," akaendelea. "Ulisimama mlangoni, hukunipisha nipite, ukaniambia umechoka. Umechoka na nini? Niliuliza, ukafunga. Hata kazini mtu akifukuzwa anapewa barua."

"Nenda ukaoge," nikasema. "Utapata baridi."

"Ndiyo barua yenyewe hiyo?"

"Nenda ukaoge, tafadhali."

Akaenda akiburuta miguu. Sikuwa nimemwambia sababu, na sikukusudia kumwambia. Sababu ilikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa na dada kumi na minane. Ni fundi cherehani. Alikuja chumbani kwangu siku moja mchana, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, nami nikakaa kitandani kama mgeni kwangu mwenyewe. Nilipomkaribisha kwa kumwita wifi, alinikatiza.

"Usiniite wifi," alisema, si kwa ukali. "Bado hatujafika huko, na naomba tusifike. Mimi sikuchukii. Lakini wewe una miaka thelathini na minne, umeshaolewa ukarudi. Huyu nimemlea kwa pindo za suruali za watu. Amepata bahati ya kwenda mbali na anasema haendi, kisa wewe. Mimi nikimwambia aende, atabisha. Wewe ukimwambia asije, ataondoka."

Nililitafakari neno lake siku nne. Sikuona mahali alipokosea, isipokuwa pale aliposema nimerudi, kana kwamba mtu akitoka kwenye ndoa mbaya amerudisha kitu alichoazima. Siku ya tano nikamwambia Kiberiti nimechoka. Ndilo neno lililonijia haraka.

Nilikuwa najaza fomu za siku ile mlango ulipofunguliwa bila kugongwa. Alikuwa ni dada mwenyewe, na tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Ametoka kwenye cherehani mbio mbio.

"Nimekutana na Kocha getini," alisema. "Ameniambia."

"Karibu ukae, dada."

"Sikai. Umemwangusha."

"Nani?"

"Usiniulize nani! Nilikuja kwako kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ukaniitikia ndiyo dada, sawa dada. Kumbe unangoja siku ya leo, akae juu ya hicho kidubwasha chako, umwangushe, abaki mikononi mwako."

"Baiskeli haijui kupendelea," nikasema. "Kila mtu anapakiwa mzigo kwa uzito wake. Haijali ni nani."

"Baiskeli haijui. Na wewe je?"

Yeye alikuwa ameshaanza kulia, kwa namna ya watu wasiopenda kulia, akijifuta kwa kiganja kama anayefuta jasho.

"Mtoto wa watu hali chakula," alisema. "Wiki tatu hali. Naweka sahani mezani, anakula vijiko viwili, anaisukuma, anainuka. Anakwenda mazoezini na tumbo tupu, anarudi, analala na viatu. Nimembania suruali zake zote kiunoni. Inchi mbili, unanisikia? Mara ya kwanza moja, wiki iliyopita nyingine. Nikadhani akienda huko mbali watamlisha, atasahau. Sasa unaniambia amebaki, aendelee kukonda mbele ya macho yangu?"

"Inchi mbili?" nikauliza.

"Mbili nzima. Mimi ndiye fundi, nisijue?"

Nikaweka kalamu mezani polepole.

"Dada," nikasema, "naomba uningoje nje kidogo."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Kuna kitu nimekosea. Nataka nihakikishe kwanza ndipo nikwambie ni kitu gani."

Akatoka akakaa kwenye benchi la ukumbini. Nikamsikia akipenga kamasi. Kiberiti alipotoka bafuni, taulo shingoni, nilikuwa nimesimama karibu na mizani.

"Panda," nikasema.

"Nimeshamaliza kupimwa."

"Panda tu."

Akapanda. Nikamnyoosha mabega. Chini ya viganja vyangu palikuwa na mifupa ambayo sikuikumbuka. Namba zikachezacheza, zikatulia: sitini na saba na nusu. Nikamshusha nikampandisha tena. Ikawa ileile. Jasho na alichokiacha kwenye ndoo, vyote kwa pamoja, havifiki nusu kilo.

"Umepungua kilo nne na nusu," nikasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilikupakia mzigo wa mtu mwingine. Nilikupakia mzigo wako wa zamani, nikagawa jibu kwa kilo ambazo huna. Sikukupima. Niliandika kwa kichwa." Nikaondoa mikono mabegani mwake. "Sikutaka kusimama karibu yako. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Alishuka kwenye mizani. Nilimwona anafanya hesabu, maana si mjinga, na miezi minane nilikuwa nimemwelezea ile mashine kila alipouliza.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapo."

"Haiwezi."

"Inaweza! Iache. Fomu umeshaijaza, Kocha ameshaona, orodha inakwenda saa kumi. Hakuna aliyekufa." Akasogea. Hakunigusa, lakini alisimama pale ambapo kila mara alisimama kabla ya kunigusa. "Mimi sitaki kwenda. Nimekuwa nikitafuta njia ya kutokwenda bila kumvunja dada moyo. Umenipatia bila kukusudia. Chukua basi. Mara moja tu maishani chukua kitu bila kukipima."

Ningeweza kuchukua. Nataka msomaji ajue hilo. Nilijiona nikirudi chumbani jioni ile naye, sufuria ikiisha, redio ikifunguliwa. Nilijiona pia mwaka mmoja baadaye, miwili, siku atakapokuwa ametulia na kunipa mgongo akitazama mbio kwenye televisheni, nami nimekaa nyuma yake nikiijua namba ambayo yeye angeitoa.

"Ungenitazama usoni?" nikamuuliza.

"Kila siku."

"Mimi je, ningekutazama?"

Nikachukua fomu, nikatoka, nikampita dada yake kwenye benchi, nikaenda hadi chumba cha Kocha.

Kocha alinisikiliza bila kunikatiza, jambo lililonitisha. Nilipomaliza alisema, "Miaka sita unanipimia watu. Hujawahi kukosea hata gramu."

"Leo nimekosea."

"Kwa Kiberiti."

"Kwa Kiberiti."

Akanitazama, akatazama dirishani, na nikaona amefahamu jambo ambalo kwa miezi minane tulidhani tumemficha. Kwa hisani yake hakulisema. "Haya, gawa upya kwa kilo za kweli, tumalize. Zinatoka ngapi?"

"Tisa na kidogo."

"Si amepita basi! Lete niandike."

"Hajapita, Kocha. Mzigo wenyewe ulikosewa, siyo hesabu tu. Kipimo kikirudiwa kirudiwe chote, asubuhi, akiwa amepumzika." Nisiseme uongo: nilikuwa nafuata kanuni, lakini sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaomba siku moja zaidi.

"Wewe mwanamke utaniua," Kocha alisema, akavuta simu. "Nitawaomba hadi kesho. Saa tatu asubuhi. Aje na begi lake kabisa, gari la saa tatu na nusu halimngoji mtu."

Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu. Wameondoka wote wawili.

Jioni ile nilifagia chumba, nikafua, nikaanika, nikakuta bado kuna jua. Kitu kimoja kilikuwa kinanitafuna. Kipimo kile kinategemea mtu mwenyewe. Ninaweza kupakia mzigo hadi gramu ya mwisho, lakini siwezi kukanyaga kwa niaba yake. Asiyetaka kwenda ana njia rahisi: ajizuie kidogo tu, asubiri kengele. Angeweza. Na mimi peke yangu ningeona, kwa sababu aliyejizuia mstari wake hauna mwiba. Unakwenda sare kama meza. Ningeuona na ingebidi niseme, au nisiseme. Nilikaa mlangoni hadi nguo zikakauka, nikazikunja moja moja.

Saa tatu kasoro robo asubuhi alisukuma mlango kwa bega. Safari hii kweli alikuwa amebeba mizigo, begi moja kubwa mkono huu na viatu vya mbio mkono ule.

"Umeamkaje?" akaniuliza, bila shikamoo.

"Salama. Vua viatu."

Akapanda mizani. Sitini na nane kamili. Nikapakia kilo tano na gramu mia moja, nikamwonyesha kila chuma kabla sijakiweka. Vyuma vitatu vidogo, vipana kama vifuniko vya chupa, vilibaki mezani. Ndivyo vilivyomwangusha jana.

"Nikikanyaga polepole?" akauliza kwa sauti ya chini, Kocha akiwa bado ukumbini anaongea na simu.

"Mstari utakuonyesha."

"Nani atausoma?"

"Mimi."

"Na utasema?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli. "Kwa hiyo usiniweke hapo. Tafadhali."

Kocha akaingia. Dakika tano za kupasha joto zikaisha. Nikaanza kuhesabu, na nilipofika moja Kocha akafungua kinywa, akapaliwa, akaanza kukohoa hadi machozi. Chumba kikawa kimya, pedali tu zinalia. Mtu hawezi kufika mwisho wa kipimo kile kwenye ukimya. Lazima apigiwe kelele. Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Hata sokoni narudia mara mbili ndipo nisikike.

Nikaangusha mzigo. "Kanyaga!" nikapiga kelele.

Aliinua macho.

"Kanyaga! Usinitazame mimi, kanyaga! Ondoka! Ondoka! Nenda!"

Akainamisha kichwa, akaenda. Sijui niliyosema baada ya hapo. Kocha aliniambia baadaye kuwa watu walichungulia kutoka ofisi ya tatu. Najua kwamba kwenye sekunde ya ishirini, pale alipokwama jana, nilikuwa nimepiga magoti kando ya gurudumu nikimfokea aondoke, aondoke, na machozi yananiingia mdomoni, naye anakanyaga kama nyumba inaungua nyuma yake.

Kengele ikalia. Mstari ulikuwa na mwiba mrefu kuliko yote niliyowahi kuipima msimu ule. Wati mia sita thelathini na moja. Nikagawa kwa sitini na nane, nikagawa tena kwa mkono kwenye karatasi.

"Tisa na robo," nikasema. "Na ushee."

"Ahsante Mungu!" Kocha akasema, na kikohozi kikarudi. Akatoka mbio kupiga simu.

Mtu akimaliza sekunde zile hapaswi kushuka. Naondoa vyuma vyote, naye anaendelea kukanyaga taratibu bila mzigo kwa dakika tano, ili damu isimkusanyikie miguuni akaanguka. Mimi nasimama pembeni, tayari kumdaka. Nikaondoa vyuma. Nikasimama pembeni.

Dakika ya kwanza alikuwa anavuta hewa tu. Ya pili akasema, "Dada ameniambia jana."

"Ameniambia nini?" nikauliza, nikakosea, nikasema tena, "Amekuambia nini?"

"Kwamba alikuja kwako. Kwamba wewe hukuchoka." Pedali zilizunguka mara kadhaa. "Amesema alikuwa amekusudia kukutukana tena jioni. Halafu akakuona unatoka na ile fomu kwenda kwa Kocha. Akasema, huyu mwanamke ameshika bahati yake mkononi na ameipeleka mwenyewe. Amekaa kwenye cherehani usiku kucha hakushona hata mshono."

"Ni dada mzuri."

"Ni kichwa ngumu."

"Ni mzuri na kichwa ngumu."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamkatikia. "Miaka miwili," alisema.

"Miaka miwili."

"Sema utaningoja."

Nilifikiri. Nimewahi kuahidi mbele za watu, nikiwa nimevaa vizuri, na ahadi ile haikufika popote. "Sitaki kukupa neno ambalo sijalijua uzito wake," nikasema. "Niandikie. Nami nitakuandikia. Kila barua nitakuambia nilipo. Ukirudi utajua kama bado niko kwenye njia yako au nimeshatoka."

"Hilo si jibu la mpenzi."

"Ni jibu langu."

"Ndiyo," alisema. "Ni lako kabisa."

Saa ya ukutani ilifika dakika ya tano. Kwa kawaida hapo nasema *inatosha, shuka taratibu*. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Yeye alikuwa anaitazama saa ileile. Hakushuka. Aliendelea kukanyaga, polepole, bila mzigo hata wa gramu, na mimi nikaendelea kusimama.

Dakika ya sita. Ya saba. Huko nje honi ikalia. Ya tisa, mlango ukafunguka, Kocha akaingiza kichwa. Nyuma yake nilimwona dada, na mfuko wa suruali zilizokunjwa, amesimama bila kuingia.

"Tayari?" Kocha akauliza. "Gari limefika."

Mkono wa Kiberiti ulikuwa kwenye usukani, umelowa jasho. Nikaweka wangu juu yake, mbele ya Kocha, mbele ya dada, mbele ya yeyote aliyekuwa akipita ukumbini.

"Bado, Kocha," nikasema. "Bado kidogo."